Kipande cha Paja la Kushoto

1

Siku saba kabla ya kukatwa, Subilaga Mwaijande aliacha vidonge vya aspirini. Dokta Eufrasia Komba ndiye aliyemwamuru. Aspirini inaifanya damu iwe nyepesi, alimwambia, na mwenye damu nyepesi akikatwa msuli, jeraha linavujia ndani. Basi akaacha. Maumivu aliyokuwa akiyatuliza kwa vidonge hivyo mwaka mzima yakamrudia yote kwa mkupuo, toka kiunoni hadi magotini, na kila yalipompiga alimtukana mtu. Siku ya kwanza alimtukana jirani. Siku ya tatu alimtukana mdogo wake wa kike, Lugano, aliyekuwa amemletea sahani ya ndizi na maharage. Siku ya sita alijitukana mwenyewe akiwa chooni, kwa sababu alichuchumaa akashindwa kuinuka, akabaki amekumbatia ukuta mpaka Lugano alipokuja kumvuta kwapani.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Si zamani sana alikuwa akipanda ngazi mia mbili na kumi za machimbo ya Miamba Saba na gunia la mawe la kilo tisini begani, na akifika juu anapiga vigelegele.

Machimbo hayo yalichimbwa chini ya milima ya Rungwe kutafuta madini ya betri, na njia zake zilikuwa nyembamba na zenye kona kali. Kampuni ilianza na roboti. Ikaacha. Roboti ikikwama huko chini, wiki nzima inapotea kuing'oa. Mtu akikwama, anajitoa mwenyewe. Kwa hiyo wakaamua kumtengeneza mtu upya. Walimchoma sindano tano kila paja, zenye chembe hai zilizokuzwa maabara. Chembe zilishika, zikawa nyuzi za msuli, na baada ya miezi mitatu mtu alibeba mzigo unaozidi uzito wake kana kwamba amebeba kanga. Kampuni iliita kitu hicho Misuli Saidizi. Wafanyakazi walikiita kuoteshwa. Zile chembe waliziita mbegu, na sindano ya kila mwezi ya kuzilisha wakaiita mbolea.

Kwenye mkataba kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeusoma mara mbili: kila uzi ulioota kutokana na mbegu ni mali ya kampuni, popote ulipo. Daktari wa nje hakuruhusiwa kuukata. Kliniki ya kampuni yenyewe ilipima damu tu, na mara tatu ilimwambia Subilaga kwamba ana uchovu wa umri.

"Uchovu wa umri!" alimwambia Dokta Eufrasia siku ya kwanza walipoonana. "Mama yangu ana miaka sabini na moja, na msimu huu amelima viazi."

2

Kituo cha afya cha kata kilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji mdogo, chenye dirisha linalotazama migomba na mvua. Dokta Eufrasia alikuwa mwanamke mfupi wa Songea, aliyezoea kuzalisha na kushona majeraha ya mapanga. Alijua kwamba kisu atakachoshika leo kinaweza kumnyang'anya leseni. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na jambo hilo lilimtuliza Subilaga, kisha likamuudhi.

"Nitakata paja la kushoto," daktari alisema, akichora mstari mfupi kwa wino wa zambarau.

"La kushoto ndilo linalonibeba."

"Ndiyo maana. La kulia limekwisha. Msuli uliokufa kabisa hauwezi kutuambia umekufa kwa nini. Nautaka ule unaoumwa lakini bado uko hai."

"Kwa hiyo kile kidogo nilichobakiwa nacho ndicho unachokata."

"Ndiyo, mama. Vipande viwili, kila kimoja kama punje ya haragwe."

Subilaga alinyanyua mguu. Kifundoni palikuwa na bangili ya kijivu ya kampuni, isiyovulika, iliyosikiliza mbegu usiku na mchana. "Na hii mbea je?"

"Ikisema, iseme. Wakifika tutakuwa tumeshakata."

Alimsafisha kwa dawa ya kahawia, akamchoma ganzi. Akamwonya kwamba ganzi inaishia kwenye ngozi na mafuta. Msuli wenyewe hawezi kuupiga ganzi, maana dawa ingeharibu kipande. "Nikifika pale utasikia kama unavutwa. Usikaze mguu. Pumua."

Haikuwa kuvutwa. Ilikuwa kama mtu ameshika mzizi uliozama hadi mgongoni, anaung'oa polepole. Subilaga aliuma shuka. Bangili ikaanza kuwaka taa nyekundu, ikatoa sauti ya kike, laini, yenye adabu zote: "Nyuzi zimeguswa. Tafadhali fika kliniki ya kampuni. Nyuzi zimeguswa."

"Nyamaza, shetani wewe!" Subilaga akapiga kelele, na nesi aliyemshika bega akashtuka.

Daktari aliweka kipande cha kwanza juu ya shashi iliyoloweshwa kidogo maji ya chumvi, kisha akakimulika kwa taa ya bluu. Nyuzi za kampuni hung'aa kijani zikimulikwa hivyo; zilitengenezwa makusudi ili zisipotee. Kipande kiling'aa chote. Daktari alikigeuza, akakigeuza tena.

"Dokta?"

"Ngoja nitoe cha pili, nishone kwanza."

Alishona nyuzi nne, akafunga bendeji ya kubana, akatoa maelekezo kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo lingine. Mguu uinuliwe juu ya mto. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika ishirini kila baada ya saa chache. Maji yasiguse jeraha siku tatu. Maumivu yakizidi, panadoli, siyo aspirini. Asipande ngazi, asibebe kitu kizito. Akiona wekundu unaotambaa, usaha au homa, aje mbio. Siku ya kumi atatolewa nyuzi.

"Kitu kizito," Subilaga alisema. "Mimi sufuria ya chai inanishinda, unaniambia nisibebe kitu kizito. Na nije mbio! Kwa miguu ipi?"

 Daktari alikuwa ameshakwenda kuvificha vipande vile kwenye friji la chanjo.

3

Siku ya tatu Dokta Eufrasia alikuja mwenyewe nyumbani, kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alifungua bendeji, akatazama jeraha, akaridhika nalo. Halafu akatoa kishikwambi chake na kuuliza kama Lugano anaruhusiwa kusikia.

"Asikie," Subilaga alisema. "Naye ameoteshwa. Mimi ndiye niliyempeleka."

Picha ilionyesha msuli uliokatwa vipande vyembamba na kukuzwa. Ilikuwa kijani tupu, na hapa na pale doa jekundu, moja moja, kama maharage machache yaliyopotea kwenye makande.

"Za kijani ni za kampuni. Nyekundu ni zako."

"Hizo tu?"

"Hizo tu. Mbegu hazikuota pembeni ya msuli wako, mama. Zinaula. Mbolea ile inazipa uhai, lakini chakula chenyewe ni wewe. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ulikuwa na nguvu vile. Ulikuwa na misuli miwili kwa pamoja, mmoja ukiutafuna mwingine."

Lugano alishika paja lake bila kujijua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na mwaka wa pili tangu aoteshwe. "Na mimi, dokta?"

"Wewe nyuzi zako nyingi nadhani bado zipo. Ukiacha mbolea sasa, mbegu zitanyauka kwa wiki sita. Utakuwa dhaifu mwaka mzima. Halafu utatembea."

"Na mimi nikiacha?" Subilaga aliuliza.

"Hutasimama tena."

"Nisipoacha?"

"Zitaendelea kupanda. Kiunoni zimeshafika. Zikifika kwenye msuli wa kupumulia..." 

Subilaga alichukua kikombe kilichokuwa karibu na mkono wake akakitupa. Hakikufika hata ukutani. Kiliangukia kwenye mkeka na kumwaga chai, na udhaifu wa mkono wake ulimchoma zaidi ya habari yenyewe.

"Sasa ulinikata ili iweje?" alifoka. "Ungeniacha na uchovu wangu wa umri!"

"Ulikuja mwenyewe, mama. Ulitaka kujua."

"Nilitaka kuambiwa kuna dawa!"

Daktari alikaa chini, juu ya ndoo iliyofunikwa, akasubiri hadi pumzi za Subilaga zitulie. Kisha akaeleza lililobaki. Kwa mkataba, kipande ni cha kampuni. Kwa sheria ya wagonjwa, ni cha Subilaga. Akitia saini, daktari atakipeleka Baraza la Afya ya Kazi, nacho kitakuwa ushahidi wa kwanza kutoka nje ya kliniki ya kampuni. Asipotia saini, daktari haruhusiwi kukionyesha wala kumwambia mtu yeyote neno lolote. Machimboni kulikuwa na watu mia nne waliooteshwa.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Mimi mguu wangu ni mzima," Dokta Eufrasia alisema. "Siwezi kukujibu bila kukukosea heshima."

4

Kesho yake alikuja Chediel Mshana, mkuu wa wafanyakazi wa Miamba Saba, na kikapu cha maparachichi. Yeye na Subilaga walianza kazi siku moja, wakachomwa sindano za mbegu siku moja, kwenye benchi moja, wakitaniana nani atalia. Subilaga alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Mshana aliuruka mtaro wa mbele ya nyumba bila kuangalia chini.

"Pole, dada Subi. Bangili imetueleza."

"Karibu. Kaa."

Alikaa, akauliza jeraha linaendeleaje, akauliza habari za mama. Alikuwa mpole na hakumtisha. Alisema kampuni haina nia ya kumshtaki mtu, wala yule daktari. Kuna mbegu mpya, kizazi cha pili, isiyokula msuli wa mwenyewe. Inaota hata pasipobaki kitu. Subilaga angechomwa wiki ijayo, na kufikia mavuno ya viazi angekuwa anatembea. Miaka ishirini, labda zaidi. Walichotaka ni kipande kirudi, na saini yake kwenye karatasi inayosema kwamba udhaifu wake ni ugonjwa wa ukoo.

"Wa ukoo," Subilaga alirudia.

"Ni maneno tu."

"Chediel, sisi tulichomwa siku moja. Mbona wewe unaruka mitaro?"

Mshana alitazama kikapu chake.

"Nimekuuliza."

"Walitujaribia kizazi cha pili sisi wa ofisini. Miaka mitatu sasa."

"Miaka mitatu." Subilaga alinyanyuka kwa viwiko, jeraha likamvuta, hakujali. "Lugano mlimwotesha miaka miwili iliyopita. Kwa hiyo mlikuwa mmeshajua. Mlimpa ile ya zamani, mkijua!"

"Stoo ilikuwa bado imejaa, dada."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, na pengine aliona aibu, kwa sababu alisimama mara moja. Lakini alikuwa ameshayasema. Jikoni kitu kilianguka. Lugano alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote.

"Mpya inaota kwa shida," Mshana aliharakisha kusema. "Haiwezi kutosha watu mia nne. Inaweza kukutosha wewe. Alhamisi ni siku ya mbolea. Nitakuwa getini na karatasi mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo sina uwezo tena. Fikiria, dada. Usifikirie kwa hasira."

"Toka na maparachichi yako."

Alitoka. Maparachichi aliyaacha.

5

"Tia saini," Lugano alisema jioni ile, akimfungia barafu kitambaani.

"Ya nani?"

"Ya Mshana."

Subilaga alimtazama kama hamjui. "Umesikia alichosema kuhusu stoo."

"Nimesikia. Nikikutana naye peke yake nitamtoa macho. Lakini mimi nitaacha mbolea kimyakimya, nitasema nina mimba, nitasema chochote. Wewe utachomwa mpya. Wote wawili tutatembea. Mama atatuona tukitembea."

"Na wenzetu?"

"Wenzetu ni watu wazima, dada! Walisaini wenyewe."

"Walisaini kwa sababu niliwachezea. Nilikuwa msimamizi wa zamu. Nilisimama pale uwanjani na gunia begani nikakata kiuno, watu wakashangilia, siku ile wakaandikishwa thelathini na mmoja. Wewe ulifuata baadaye."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu sikuuliza." Aliusogeza mguu juu ya mto.  "Unamkumbuka Ambakisye? Alianza kuchelewa ngazini. Akawa anakaa katikati ya njia, anasema miguu haimtii. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake. Sehemu ya sababu niliandika neno moja: uvivu. Akafukuzwa. Mwaka jana alikufa kwa kukosa pumzi, na mimi nikaenda msibani nikala wali."

 Lugano aliweka barafu juu ya paja, chini ya mstari wa nyuzi, akaishikilia pale mpaka vidole vyake vikafa ganzi.

"Naitaka miguu yangu," Subilaga alisema. "Usidhani siitaki. Ninaitaka mpaka naweza kuua mtu."

Jumanne alimwita Dokta Eufrasia, akatia saini ya kukipeleka kipande kwenye Baraza. Daktari alipomwambia kwamba Baraza linaweza kuchukua miezi, alikasirika upya. Miezi ilimaanisha sindano nyingine, na nyingine, kwa kila mtu machimboni.

"Saini hii inaniruhusu nami kusema?"

"Mwili ni wako. Wewe uliruhusiwa tangu mwanzo."

6

Alhamisi mvua ilikuwa ya kunyunyiza, ile isiyokatika. Foleni ya mbolea ilianzia getini na kupinda hadi kwenye ukuta wa karakana. Zamu ile ilikuwa na watu sitini na wanne. Bajaji ilimshusha Subilaga mbele yao. Lugano alimshika upande mmoja, naye akasimama kwa mguu wa kushoto, ule uliokatwa, kwa sababu hakuwa na mwingine. Jeraha lilikuwa na siku nane.

Walinzi hawakujua la kufanya. Walikuwa wamezoea kumwamkia.

Hakutoa salamu. Alipandisha kanga hadi juu ya goti, akabandua plasta, akawaonyesha.

"Nimekatwa," alisema. "Nje, siyo kliniki yao. Nyama yangu imekwisha. Kilichomo humu ni mali ya kampuni, na kimenila. Kinawala na ninyi. Aliyeoteshwa miaka miwili, mitatu, akiacha sasa, atapona. Wakubwa wa ofisini wamebadilishiwa tangu miaka mitatu iliyopita. Ninyi mnamaliziwa stoo."

Watu walitazamana. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema kwa sauti, "Si wewe uliyetuleta?"

"Ndiyo. Ni mimi."

 Aliyefuata alikuwa Bupe, mwanamke mkubwa wa mabega, mbebaji wa zamu ya asubuhi, mmoja wa wale thelathini na mmoja. Alitoka kwenye foleni, akainama, akachota tope kwa kiganja, akamrushia Subilaga kifuani.

"Ulituchezea hapa!" alipiga kelele. "Hapa hapa! Ulinishika mkono ukanipeleka mezani! Nikakuuliza kama inauma, ukasema kama kuumwa na siafu! Na Ambakisye? Huyu hapa alimwandika nini Ambakisye? Sema!"

"Mvivu," Subilaga alisema. "Nilimwandika mvivu. Alikuwa anakufa."

 Chediel Mshana alikuwa amefika getini na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Aliangalia saa yake, akamsogelea Subilaga, akamnong'oneza, "Bado dakika kumi na tano. Hata sasa, dada Subi. Nakuomba."

Subilaga alizitazama zile karatasi. Moyo wake ulizitamani kama mwenye kiu anavyotamani maji, na kwa sababu hiyo akazidi kuchukia. Alizichukua na mfuko wake, akazidondosha kwenye tope, akazikanyaga. Kwa kufanya hivyo alinyanyua mguu wa kushoto. Wa kulia haukumshika. Akaanguka ubavu, Lugano naye akavutwa chini.

Lugano aliinuka peke yake. Alikuwa na kadi ya mbolea mfukoni, ile inayopigwa muhuri kila mwezi, na bila hiyo hakuna kazi. Aliitoa, akamkabidhi Mshana mbele ya watu wote. "Stoo yenu mle wenyewe," alisema.

Kijana wa karakana akafuata. Halafu wanawake wawili pamoja, wameshikana mikono. Kisha mmoja mmoja. Jumla yao ilifika kumi na tisa. Waliobaki, arobaini na watano, walisogea mbele kufunga mapengo, wakaingia getini wameinamisha vichwa, na mmoja wao alikuwa analia. Miezi mitatu baadaye Baraza lingekaa, likitazame kile kipande, na mbegu ile ingepigwa marufuku. Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyeyajua hayo, na sindano arobaini na tano zilichomwa kabla ya saa tano.

Subilaga alikuwa bado chini. Mshono mmoja ulikuwa umeachia, damu inachanganyika na maji ya mvua. Hakulia. Alikuwa anawahesabu walioingia, kwa majina, na kila jina lilimtoka na tusi kwa kampuni, kwa Mshana, kwake mwenyewe.

Kivuli kikamfunika. Bupe alikuwa amesimama juu yake, kadi yake ya mbolea imechanwa vipande viwili mkononi.

"Usidhani nimekusamehe," Bupe alisema.

"Sijakuomba."

"Vizuri." Alipiga goti kwenye tope, akampitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja, kwa uangalifu, mbali na jeraha. "Haya, shika shingo yangu. Shika vizuri, mwanamke. Sina mbolea mimi tena, nikikuangusha nisilaumiwe."